Chipu Isiyoitika

Zam binti Abdunoor wa Koboko hakuwa mtu wa kusamehe upesi, na waliomshauri asamehe aliwauliza kwanza kama wao wamewahi kuibiwa. Hakumaanisha kuku. Kuku hulipwa kuku, mambo yakaisha. Yeye aliibiwa kazi ya mikono na kichwa chake, kisha mwizi mwenyewe, Drani wa Pajulu, mwenzake wa miaka mingi, akamfanya si kitu mbele za watu. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mniambie kama ninyi mngesamehe.

Koboko, huko Uganda mpakani, imejaa nyumba za watu waliotoka jeshini, na nyumba ya kina Zam ni mojawapo. Baba yake, mzee Abdunoor, alikuwa mtu wa redio za jeshi. Alistaafu na magoti mabovu na masikio mazuri, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, na binti yake akakulia chini ya meza ile ile, puani moshi wa lehemu. Alijua kushika chuma cha kuchomelea kabla hajajua kusonga ugali. Na mzee alimtia sikioni jambo moja ambalo halikumtoka.

"Kwa redio, kila mutu iko na jina yake ya kuitwa," alimwambia. "Ukiita jina ingine, yeye anasikia, lakini hapana itika. Redio iko wazi, chai iko mkononi, lakini anakaa kimya. Hukumwita yeye."

Drani alikutana na Zam chuo cha ufundi, Arua. Walisoma darasa moja, wakapata cheti kimoja. Msidhani Drani alikuwa mjinga au Zam mnyonge. Tofauti yao ni kwamba Drani alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na Zam alikuwa na maneno ya kumrudisha. Kwa hiyo walipoanza kazi pamoja waligawana bila kugombana: Drani alikwenda maofisini, Zam alibaki mezani.

Walibuni kisanduku cha kutundikwa ghalani. Ndani yake mna bodi ya upana wa kiganja, inayopima joto na unyevu wa mtama na mihogo mikavu, kisha inapeleka habari kwa waya wa mtandao mpaka kwenye kompyuta ya karani, ili chakula kisiote ukungu watu wakiwa hawana habari. Walichagua waya kwa sababu maghala ya Kuluba na ya Ayivu yamefungwa mabati kila upande, na humo ndani hata simu haishiki.

Sasa hapa pana ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa wa Zam. Kipanya ukikichomeka kwenye kompyuta, chenyewe hujitambulisha. Chipu zilizochomelewa kwenye bodi ndogo hazina adabu hiyo, zimekaa tu. Mfumo unaoiendesha bodi, ambao kwao ulikuwa Linux, ukiamka haujui kama kuna mlango wa mtandao, wala chipu ya waya iko upande gani, wala inaitwa kwa namba gani. Lazima mtu auandikie. Anaandika faili linaloanzia kwenye shina, yaani bodi yenyewe, kisha anashuka kwenye matawi: hapa pana kichakataji, kwenye kichakataji pana mlango wa mtandao, kwenye mlango huo pana chipu ya waya, namba yake ni hii. Mafundi wanaliita mti wa vifaa. Kilichoandikwa kwenye mti, mfumo unakiita. Kisichoandikwa, hata kiwe kimechomelewa kwa dhahabu, kwa mfumo hakipo. Zam alipoelewa jambo hilo alicheka, kwa sababu baba yake alikuwa amemfundisha zamani bila kujua.

Mchoro wa bodi aliuchora Drani. Kwenye mchoro huo kuna rezista moja, kijipande cha kupunguza umeme, kidogo kuliko punje ya simsim. Ikikaa kushoto, chipu ya waya inaitika kwa namba sifuri. Ikikaa kulia, inaitika kwa namba moja. Drani aliiweka kushoto bila kufikiri, na faili la mfano walilopewa na wauza chipu lilikuwa linaita namba moja. Bodi za kwanza zilipofika, mtandao ukagoma. Siku hizo Zam alikuwa hajajua kuandika miti, alijua chuma. Akaing'oa rezista, akaihamishia kulia, chipu ikaitika. Hakumwambia Drani kwamba mchoro wake una kasoro. Aliona si uungwana kumwumbua mwenzake kwa kitu kisichoonekana bila miwani.

Baadaye alijifunza miti hadi akaandika wake mwenyewe, mstari kwa mstari, akatia jina lake juu. Ile namba moja hakuibadilisha, kwa sababu masanduku yaliyokwisha kutundikwa yalikuwa yanaitika kwa hiyo, naye alitaka yote yafuate faili moja. Kwa hiyo kila bodi iliyofika aliiinamia, akahamisha rezista. Drani alikuwa akimwona ameinama, shingo imekakamaa, na hakuuliza hata siku moja anafanya nini. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Zam aliosha bodi baada ya bodi, kimya.

Na asante ya punda ni mateke.

Madam Patricia, mkuu wa mradi wa maghala, aliwaita Arua aone kazi yao. Drani alizungumza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Zam alikuwa amekaa pale pale kando yake, sanduku mapajani. Madam akauliza, "Na huyu dada?"

Drani akacheka kidogo. "Huyu? Huyu iko wa kuchomelea tu."

Alisema mbele yake, jamani, hata sauti hakuishusha. Zam alihisi masikio yakiwaka. Lakini alilelewa kutogombana mbele ya mgeni, akameza, na kumeza huko ndiko kulikomponza, maana Drani aliona njia ni nyeupe. Kabla mvua hazijaanza alikuwa amefungua duka lake Arua, amechukua mchoro, amechukua faili, amechukua na masanduku machache yaliyokuwa tayari, na kazi ya maghala yote imepita kwa jina lake peke yake. Zam alipompigia simu, alijibiwa kwamba Arua mafundi wa kuchomelea wako wengi.

"Mwachie Mungu, binti yangu," mzee Abdunoor alimwambia.

"Mungu iko na kazi mingi, Baba. Hii nitamsaidia."

Kuanzia hapo aliibeba chuki yake kila alipokwenda. Alitengeneza redio za watu, aliswali, alipika, alicheka harusini, na katikati ya yote hayo alikuwa anamtafuta Drani mahali pa kumshika. Hakutaka kumroga wala kumpiga. Alitaka aanguke kwa kitu kile kile alichokidharau, na watu wawepo.

Mahali penyewe alipatiwa na Drani. Mtu yule alipenda picha. Masanduku yake mapya yalipofika kutoka kiwandani alifungua moja, akapiga picha bodi, akaitupa kwenye kundi la mafundi kwenye simu, na maneno ya kujisifu chini yake: nimechora mwenyewe, taa za mlango wa waya kijani tupu. Zam aliikuza picha hiyo kwa vidole mpaka ikawa ukungu. Rezista ilikuwa kushoto.

Alicheka mpaka mzee akatoka nje kuuliza kuna nini.

"Ametuma mchoro ile ile kiwandani," alimwambia, "na hana mutu wa kuhamisha. Faili yangu inaita namba moja. Chipu yake iko sifuri."

Mtu wa redio haelezwi mara mbili. "Lakini anasema taa inawaka," mzee alisema.

"Taa itawaka, Baba. Chipu na waya wanasalimiana wenyewe, hapana ngoja mfumo. Ndiyo itamdanganya." Alijua tabia za Drani kama anavyojua za chuma chake. Programu ataijaribu kwenye yale masanduku ya zamani, yaliyopita mikononi mwa Zam, nayo yatakwenda sawa. Haya mapya atachomeka waya, ataona kijani, atafunga kifuniko.

Mzee alisema tu, "Mwambie."

"Nimwambie mimi? Mimi niko wa kuchomelea tu."

Siku ya kuonyesha kazi iliwekwa Koboko, asubuhi, kwenye ukumbi wa ushirika. Zam alipaka hina. Alivaa leso mpya, akaingia ukumbini akiwa na baba yake, akakaa mstari wa mbele mahali ambapo Drani angemwona kila akiinua macho. Wakulima wa Kuluba walikuwepo, makarani wa maghala walikuwepo, Madam Patricia alikaa mezani na wageni wake. Mlangoni kulikuwa na pikapu imejaa masanduku, na jina la Drani limechapwa kwenye kila kifuniko.

Drani alisema maneno yake ya asali, akachomeka waya kwenye sanduku la kwanza. Taa ya kijani ikawaka. Akageukia ukuta, ambako yaliyomo kwenye kompyuta yalikuwa yanarushwa kwa projekta. Ukuta ukasema hakuna mtandao. Akachomoa, akachomeka tena. Akaleta sanduku la pili, akaleta la tatu. Taa zilikuwa zinawaka kila mahali na ukuta ulikuwa unasema neno lile lile. Watu wakaanza kunong'ona, mkulima mmoja akauliza kwa sauti kama hizo ni taa za kupamba duka.

Zam alikuwa kama mtu anayekula asali kwa kidole. Alitazama shati la Drani likilowa kwapani, akaona mikono yake ikitafuta kitu cha kushika, akasema moyoni, bado, bado kidogo. Nawaambia ukweli, furaha aliyoipata pale hakuwahi kuipata harusini.

Ndipo Drani alipoinua macho, akamwona. Akachukua kipaza sauti.

"Waheshimiwa, shida si yangu," alisema. Akafungua faili la mti, likajaa ukutani, na juu kabisa likasomeka jina. "Hii kitu aliandika Zam, binti ya mzee Abdunoor, huyu amekaa hapa. Mimi nilimwamini. Someni jina yake pale juu. Yeye ndiye ameharibu."

Haya. Jina alilolificha wakati wa sifa alilitoa kwenye spika wakati wa aibu. Ukumbi mzima ukageuka. Watu waliomletea Zam redio zao tangu baba yake alipoacha kuona vizuri wakamtazama kama mtu aliyetia sumu kisimani. Mzee Abdunoor aliinamisha kichwa, na hilo ndilo lililomchoma Zam kuliko yote. Kisasi chake kilikuwa kimegeuka kikamshika mwenyewe ukosi.

Alifikiri haraka. Akikaa kimya, Drani ataanguka, lakini jina la Zam litaoza hapo hapo, Koboko kwao, na hakuna atakayemletea hata betri. Akisema, atamwokoa. Maana dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa: pale ukutani, kwenye faili, kulikuwa na moja. Ukiifuta ukaandika sifuri, pikapu nzima ingeitika kabla chai ya wageni haijapoa. Drani angecheka, angesema si mnaona, kosa dogo la yule dada, tumeshalisahihisha. Angeondoka na kazi yake, na Zam angebaki na kosa.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kuna upande wa pili. Mti na bodi vinapopishana, unaweza kunyoosha mti ufuate bodi, au unaweza kunyoosha bodi ifuate mti. Alisimama.

"Madam, naomba chuma cha kuchomelea," alisema. "Na mutu asiguse faili. Iache hapo ukutani, watu waione."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtengeneza simu. Chuma kikaletwa, kikachomekwa. Zam alivua kifuniko chenye jina la Drani, akaiinamia bodi kama alivyoinamia nyingine zote, hina mkononi, watu wamemzunguka. Aling'oa rezista. Akaishika kwa kibanio, akaionyesha, na walio nyuma hawakuona kitu. Akaichomelea kulia. Akachomeka waya.

Taa ya kijani ikawaka kama mwanzo. Kisha ukuta ukajaa namba: joto la ukumbi ule, unyevu wa ukumbi ule, pumzi za watu wote waliokuwa wakimhukumu.

"Faili hapana guswa, mmeona," Zam alisema, naye hakuhitaji kipaza sauti. "Faili inasema kweli. Bodi ndiyo inasema uongo. Mimi sikuchora bodi."

Madam Patricia akamgeukia Drani. "Nani aliichora?"

Drani alikuwa ameitangaza habari hiyo mpaka kwenye simu. Alijibu kwa shida, "Mimi."

"Basi nimeelewa," Madam alisema. "Sipokei sanduku hata moja mpaka yote yawe kama hili. Na faili hilo hakuna mtu wa kulibadilisha, isipokuwa mwenyewe aliyeliandika. Wewe, bwana, ulichokosea kwenye bodi utakinyoosha kwenye bodi."

Mzee Abdunoor aliinua kichwa. Watu wa Koboko walianza kupiga makofi, wengine wakampigia Zam vigelegele, na pikapu ikarudi Arua na mzigo wake wote. Zam angeweza kusema neno pale. Madam alikuwa amempa ruhusa mbele za watu: mwenyewe aliyeliandika. Alifunga mdomo, akarudisha chuma kwa mwenyewe, akaenda nyumbani na baba yake kunywa chai.

Drani aliwatafuta wale mafundi wengi wa Arua. Wakaja, wakaiona ile punje, wakaunguza bodi za kwanza, wakaaga kwamba wana msiba. Ikabidi akae mwenyewe. Alifunga duka, akahamishia masanduku nyumbani kwao Pajulu, akatandika meza barazani, akaanza.

Zam alijizuia kwa muda, kisha akashindwa. Alipanda boda kutoka Arua mjini, akamkuta. Masanduku yaliyomalizika yalikuwa yamejaa kona moja ya baraza, yaliyobaki yalikuwa yamejaa nyumba. Drani alikuwa amevaa miwani ya kusomea ya mtu mzima, macho mekundu, na vidole vyake viwili vimefungwa kitambaa. Alimwona Zam, hakusimama.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kuona."

Drani aliweka chuma chini, akakunjua shingo, na ikasikika ikilia. Akatazama mikono yake. "Zile za zamani," alisema, "kila bodi uliinama hivi?"

"Kila bodi."

"Kwa sababu ya mchoro yangu."

"Kwa sababu ya mchoro yako."

"Na hukuniambia."

"Nilikusitiri."

Drani alivua miwani. Hakukuwa na mgeni wa kumfurahisha wala kipaza sauti, na yale maneno ya kumtoa nyoka pangoni hakuyatafuta. "Zam, nilikukosea," alisema. "Nilikuita mutu wa kuchomelea, na sikujua hata kuchomelea iko nini. Nisamehe, dada yangu."

Basi lilikuwa limekuja, lile neno. Zam alilingoja tangu Arua, alilipangia majibu akiwa jikoni, akiwa mezani, akiwa juu ya mkeka wa swala. Lilikuja bila kulazimishwa, na lilikuwa la kweli, aliliona machoni mwake. Alilisikia likishuka, akangoja limshibishe. Halikumshibisha.

Drani alitazama ndani ya nyumba, kwenye masanduku yaliyopangwa mpaka dirishani. "Niambie kitu moja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Wewe ndiye unajua hii kitu. Hakuna njia ingine? Hata ya haraka kidogo?"

Katika miti yote aliyoandika, Zam hakuwahi kuandika uongo. Kama chipu ni sifuri aliandika sifuri, kama ni moja aliandika moja, maana ukiidanganya bodi inakuadhiri siku hiyo hiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari, sifuri, fupi, lingemaliza mateso ya baraza ile mara moja. Alimtazama mwenzake wa miaka mingi, vidole vyake na macho yake, na ombi lake zuri la msamaha.

"Hakuna," alisema. "Na hiyo rezista yako umeiweka kombo. Ing'oe, anza tena."

Kisha akavuta kiti, akakiweka mahali pa kumwona vizuri, akakaa.